Naomba ushauri: mbwa wangu akiona kima ananiburuta

Habari zenu wadau, wenye mbwa hapa Nairobi nisaidieni. Niko na mbwa jike wa miaka miwili, mama yake wa kienyeji na baba German Shepherd, na Jumamosi asubuhi huwa tunatembea msitu wa Karura. Kamba simfungui, sheria ya pale ni hiyo, chanjo ya kichaa cha mbwa anadungwa kila mwaka. Sasa shida ni kima. Akiwasikia tu juu ya mti masikio yanasimama, mwili unakaza na kabla sijajipanga nishaburutwa, wiki iliyopita nimeanguka kwa murram goti likachubuka na kuna mama alikuwa na watoto wakaanza kulia, nikaomba msamaha mpaka nikachoka. Nimejaribu kumpa vipande vya maini kumvuta akili, wapi, akishaona kima hata maini hayanusi. Kuna mtu ameniambia nimnunulie ile kamba ya kufunga kifuani badala ya shingoni, inasaidia kweli ama ndio atapata nguvu zaidi ya kuvuta?

Ingine, mavi mnabeba na nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na tangu 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi misituni, kwa hivyo mimi natumia gazeti kuukuu, lakini akiharisha hilo gazeti linaloa nikiwa bado mbali na geti, wacha tu. Kumwachia mwenzangu akanyage pia siwezi.