Disiki gani inazunguka kwako wiki hii? Tupeane uzoefu

Wandugu wa Lubumbashi, na nyie wa Likasi na Kolwezi, jambo. Naona wengi tumerudi kwenye pikapu za wazee (mashine za kupigia disiki, si gari za kubeba makaa). Semeni mnasikiliza nini nyumbani na disiki iliwafikiaje. Picha ya jalada bila maneno haihesabiki!

Mimi ni Franco na TPOK Jazz, "Mario" ya 1985. Madilu anaimba, Franco anamgombeza kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Mama hakosi kumjibu kutoka jikoni: "Na huyo mwanamke, hana akili?" Kwenye simu watoto wanaruka moja kwa moja mpaka sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza. Kwenye disiki wanakaa, wanasikia maneno.

*Wa Kamalondo:* Mimi niko na zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Baba mkubwa alizifunga kwenye magazeti, lakini nyingi zilipasuka tulipohama. Huyu ni mtu wa Bunkeya. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na bado mgeni akiingia anauliza wapiga gitaa ni wangapi. Tena anaimba Kiswahili! Wakubwa wa Kinshasa na Kilingala chao nawapenda, ila hapa sihitaji mtu wa kunitafsiria. Kila upande ni kama dakika tatu, ukikaa tu unasimama kugeuza.

*Wa Katuba:* Yaya, usizipige na sindano ya disiki za mizunguko 33. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano nyembamba inazama chini kabisa na unasikia mikwaruzo mitupu. Na usizisafishe kwa spiriti, inayeyusha shelaki, ile utomvu zilizotengenezwa nayo.

*Wa Kamalondo:* Aksanti, mukubwa. Sindano yake ninayo, dereva mmoja wa Kasumbalesa aliniletea. Ya spiriti ndiyo nasikia leo, na chupa iko mezani.

*Wa Ruashi:* Kwetu ni "Indépendance Cha Cha" ya Kabasele na African Jazz, ile ya Brussels, 1960. Baba anaiweka kila tarehe 30 Juni, siku ya uhuru. Lumumba anatajwa, Kasavubu anatajwa, na Tshombe wetu pia, yule aliyeongoza Katanga kujitenga. Hapo likifika jina la Tshombe wazee wanagawanyika: huyu anapiga makofi, yule anaweka chupa chini. Wimbo unaisha, ugomvi unaendelea mpaka chakula kije.

*Wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi):* Disiki ninazo, pikapu imelala. Mota inazunguka lakini sahani haigeuki.

*Wa Katuba:* Huo ni mkanda, umelegea au umekatika. Pima njia yake kwa uzi kabla ya kuagiza, maana urefu haufanani. Na hizo disiki zisimamishe wima, mbali na dirisha. Jua la Oktoba linazipinda.