Mara ya kwanza kupiga visahani kwa shotigani: niombe bunduki ipi, na bega litapona?

BintiMchamba
Wadau salaam. Niko Midlands, Uingereza. Idara yetu kazini imepanga mwezi ujao twende kiwanja cha kupiga vile visahani vya kurushwa hewani kwa shotigani. Sijawahi kushika bunduki ya aina yoyote. Nina urefu wa sentimita 157, ni mwembamba, navaa hijabu na miwani ya macho. Teke lake likoje? Wengine wananiambia niombe geji 20, ambayo ati mtutu wake ni mwembamba kuliko geji 12 ya kawaida, mmoja anasema .410, nyembamba zaidi, kwa kuwa ndiyo "ya watoto". Na je, kupiga bila leseni si kosa? Naomba maelezo ya maana, msiniambie tu "utazoea".

Mwalimu_wa_Kiwanja
Dada, la sheria ni fupi. Sheria ya Silaha ya Uingereza ya 1968, kifungu cha 11(6), inamruhusu asiye na cheti kupiga shabaha za bandia mahali na wakati vilivyoidhinishwa na mkuu wa polisi wa eneo. Anayewaandalia safari aulize kiwanja kama kina kibali hicho. Mtapewa fomu ya kusaini kwamba hamna marufuku: aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi haruhusiwi kugusa silaha maisha yake yote, na aliyehukumiwa kuanzia miezi mitatu ana marufuku ya miaka mitano tangu atoke.

Sasa bunduki. .410 achana nayo. Risasi ya geji 12 ya gramu 28 (huo ni uzito wa gololi, vile vipunje vinavyotoka mtutuni) yenye gololi za ukubwa wa namba 7½ ina gololi kati ya 350 na 400. Ya .410 mara nyingi hubeba nusu ya hizo, wakati mwingine pungufu, kwa hiyo hewani zinaacha mapengo ambayo kisahani kinapita salama. Ni bunduki ya fundi, hiyo ya "watoto" ni maneno ya barazani tu.

Omba geji 12 ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye risasi za gramu 21. Zikikosekana, gramu 24. Usione haya, hata kwenye Olimpiki wanapiga gramu 24.

Kisahani25
Mkuu hapo sikubaliani. Mwanamke mwembamba unampa geji 12? Geji 20 ni nyepesi, anaimudu.

Mwalimu_wa_Kiwanja
Anaimudu kuibeba, lakini teke ni hesabu ya uzito wa kile kinachotoka mbele dhidi ya uzito wa bunduki yenyewe. Geji 20 ya kilo 2.7 yenye risasi ya gramu 28 itampiga vibaya kuliko geji 12 ya kilo 3.4 yenye gramu 21. Uzito huohuo unaomchosha mkono ndio unaomlinda bega. Kuhusu mkono, kati ya mpigo na mpigo bunduki ifunguliwe kwenye bawaba, ilale juu ya mkono, mitutu ikitazama chini.

Jambo kubwa kwake kuliko geji ni urefu wa kitako. Vitako vingi vina kama sentimita 37, vimekatwa kwa mwanamume wa kimo cha kawaida. Kwa sentimita 157 kitanasa kwapani kila akiipandisha. Aseme mapema, kwenye simu, kwamba anataka yenye kitako kifupi, sentimita 33 au 34. Kipimo chake ni rahisi: bunduki ikiwa shavuni, kati ya pua na kifundo cha dole gumba la mkono wa kufyatulia pabaki vidole viwili au vitatu. Pua ikigusa dole gumba, teke la kwanza tu litamtoa damu.

FundiMitutu
Naongezea jicho tawala, yaani lile ambalo ubongo hulifuata unapolenga, maana hilo ndilo linalowafanya watu wakose siku nzima bila kujua sababu. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ubakishe tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Funga jicho la kushoto. Kitu kikibaki ndani ya tundu, jicho lako tawala ni la kulia. Kikipotea, ni la kushoto. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho tawala la kushoto hubandikiwa kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani, au anafumba jicho hilo anapopiga.

Kusimama, kwa mtu wa mkono wa kulia: mguu wa kushoto mbele, ukielekea pale utakapokivunja kisahani na si pale kinapotokea. Goti la mbele lilegee kidogo, uzito zaidi ya nusu uwe mbele. Wageni karibu wote hufanya kinyume. Bunduki inawalemea, wanaegemea nyuma kama mtu aliyekumbatia ndoo ya maji. Likija teke wanarudi hatua, na risasi ya pili inakwenda mawinguni.

Usiiweke begani kisha ukainamisha kichwa kuifuata. Ilete shavuni, huku bega likisogea mbele kuipokea. Kitako kikae kwenye kishimo kati ya mtulinga na kiungo cha bega, si juu ya mtulinga wenyewe wala kwenye msuli wa mkono. Anayeiogopa huacha upenyo kati ya kitako na bega, na upenyo huo ndio unaotia alama: bunduki inapata mwendo kabla ya kukufikia, inakuwa ngumi badala ya msukumo. Shavu nalo ligande kwenye mbao ya kitako.

Kisha tazama kisahani. Ule ushanga kwenye ncha ya mtutu usahau. Ukiutazama mkono unasimama, na mtutu ukisimama unapiga nyuma ya kisahani. Gololi zinatoka kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde, lakini kufika mita 25 zinachukua karibu sehemu 7 au 8 za mia za sekunde. Kisahani kinachokukatizia kwa kilomita 60 kwa saa kimekwisha kusogea zaidi ya mita moja. Ndiyo maana uombe kuanza na kinachokwenda moja kwa moja kukuacha. Hicho hakina hesabu.

Ukikosa kwa kupiga juu, ujue umenyanyua uso kutazama kama kimevunjika. Kila mtu hufanya hivyo. Hesabu "moja" kimoyomoyo baada ya mlio ndipo uondoe shavu.

Risasi_Moja
Mambo ya hatari yasiachwe. Mipigo ya mwanzo pakia risasi moja tu, hata kama mitutu ni miwili. Teke linaweza kumfanya mgeni abane kifyatulio tena bila kukusudia, mtutu ukiwa haupo tena kwenye shabaha. Kidole kikae nje ya kikingio hadi bunduki iwe shavuni.

Ukibana pasitoke kitu, USIGEUKE kumuuliza mwalimu. Mtutu ubaki kiwanjani, sema kwa sauti, subiri sekunde 30 kabla ya kufungua, kwani baruti inaweza kuchelewa kushika. Kikitoka kimlio hafifu, kama kizibo cha chupa, ni hatari kuliko ukimya: kizibo cha ndani ya risasi huenda kimekwama mtutuni. Acha, toa risasi, mwalimu atazame ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka.

Na kwa vile kuna waliotaja geji 20: usichanganye risasi mfukoni. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye geji 12 inateleza, inakwama mbele kidogo ya chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi), huioni. Unadhani hujapakia, unatia ya geji 12 nyuma yake. Ndiyo sababu ganda la geji 20 hutengenezwa la njano. Ukiona njano mkononi na bunduki ni geji 12, simama hapohapo.

MamaSwafaa
Bibie, kuhusu hijabu. Vifuniko vya masikio vikivaliwa juu ya kitambaa chenye mikunjo sauti inapenya, na shotigani inazidi desibeli 150. Tia vizibo vya sponji ndani ya masikio, chini ya hijabu, kisha vifuniko juu. Kizibo kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kitie, kishikilie hadi kijae.

Pini zote za upande wa shavu na bega la kupigia ondoa. Ncha ya mtandio ichomeke ndani ya blauzi, isiwe kati ya shavu na mbao wala isibanwe kwenye bawaba mwalimu anapoifunga bunduki. Kamba ya sidiria yenye kibano chake begani nayo utaikumbuka kesho yake. Juu ya miwani yako omba miwani mikubwa ya kinga, vipande vya visahani huanguka. Viatu bapa vilivyofunika vidole. Kabla ya kula nawa mikono kwa sabuni, gololi hizo ni za madini ya risasi, sumu. Mjamzito aahirishe.

BintiMchamba
Mmenifaa sana. Nimeshawapigia, kitako kifupi kipo na gramu 21 zipo. La mwisho: ganda tupu naweza kumpelekea mdogo wangu Unguja?

Risasi_Moja
Usilitie kwenye begi la ndege. Utasimamishwa kwenye mashine, na mabaki ya baruti yananuka. Kagua pia mifuko ya koti uliyovaa, hadi ndani ya bitana, risasi nzima hujificha humo. Mpelekee kipande cha kisahani ulichokivunja. Kifunge vizuri lakini, maana ingawa Waingereza hukiita cha udongo, si udongo, ni lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa, kitachafua nguo.