Naomba ushauri: je, tuhamishe tokeni yetu kutoka Ethereum?

Ndugu wanachama, salaam kutoka Kisauni, Mombasa. Tokeni ya kikundi chetu, yaani sarafu yetu ya kidijitali, iko Ethereum, mtandao wa blockchain (daftari la pamoja la miamala mtandaoni), na wakati wa msongamano ada ya muamala mmoja huzidi hata thamani ya kile mwanachama anachomtumia mwenzake, jambo linalowaumiza zaidi kina mama wenye akiba ndogo. Tumejaribu kukusanya miamala na kuituma kwa pamoja, lakini nafuu ni kidogo. Wengi wanataka tuhamie Polygon, mtandao mwingine wa aina hiyo wenye ada ndogo. Mimi nalihofia daraja, yaani programu ya kuvushia tokeni kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kwani mwaka 2022 daraja la mtandao wa Ronin lilidukuliwa na zaidi ya dola milioni 500 zikaibwa. Je, ni salama zaidi kutoa tokeni mpya huko Polygon kwa kunakili salio la kila mmoja katika siku moja iliyotangazwa? Na watakaochelewa kuhama tuwalindeje?