Kalibu ya skii: mbavu za MDF hazilingani

Wakuu, nachonga kalibu ya kutengenezea skii (vibao vya kutelezea kwenye theluji) kwa mbavu, yaani vipande vya umbo moja vinavyopangwa sambamba, za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 18. Nafuata kiolezo kwa ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka), lakini nikizipanga uso una vidato. Nakosea wapi?

— Mkuu, ubavu wa pili ukiutumia kuchonga wa tatu, kosa linarithiwa. Rudi kwenye kiolezo kilekile kila mara. Kata kwanza kwa msumeno wa jigso, bakiza mm 2 tu. Ikizidi, ruta inaruka na kuchimba.

— Kagua beringi ya kisu cha ruta, ile gurudumu ndogo inayotembea kwenye ukingo wa kiolezo. Gundi ya tepu inayoshikilia kiolezo ikiganda juu yake, kipenyo kinaongezeka na ubavu unabaki mkubwa kuliko kiolezo. Ifute kwa spiriti.

— Na matundu je? Toboa mawili kwenye kiolezo, yahamishie kila ubavu, upitishe vyuma vyenye nyuzi kama za bolti ili mbavu zikae sawa. Vidato vitakavyobaki, piga msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu.