Siku moja ya kushuti karakanani, video ya dakika 6: tujipange vipi?

tripodi_tatu
Wadau, habari zenu. Tuna video ya mafunzo ya dakika 6 ya kushuti ndani ya karakana ya useremala. Kuna mahojiano mawili, ya fundi mkuu na mwanafunzi wake, halafu hatua zote za kutengeneza kigoda, kuanzia mbao hadi vanishi. Tuko watatu, kamera mbili, maiki moja ya kubana kwenye nguo, taa mbili za LED. Karakana tumepewa siku moja tu, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Skripti ipo. Siku kama hii mnaipangaje ili jioni isitukute na nusu ya kazi? Na vitu gani husahaulika?

meza_ya_uhariri
Mkuu, skripti peke yake haitakusaidia siku hiyo. Igeuze iwe orodha ya shoti (kila kipande cha picha mtakachorekodi), kisha uivuruge orodha hiyo: usipange kwa mfuatano wa hadithi, panga kwa mahali kamera na taa zinapokaa. Shoti tatu za mwanzo, kati na mwisho zinazopigwa kwenye benchi moja upande mmoja zipigwe pamoja.

Sasa piga hesabu. Saa mlizopewa ni 9. Toa saa 1 ya kushusha na kusimika vifaa, dakika 45 za chakula, dakika 45 za kukusanya vifaa jioni. Zimebaki saa 6 na nusu, yaani dakika 390. Mahojiano mawili, pamoja na kupanga taa na kuwatuliza wahusika, yatakula kama dakika 105. Zimebaki 285. Kila unapohamisha kamera na taa, watu watatu mtatumia dakika 15 hadi 20 kabla hamjarekodi chochote, na kurekodi kwenyewe dakika 10. Kwa hiyo mna nafasi kama 10 za kamera kwa hatua zote za kigoda. Zikifika 18 kwenye orodha yako, anza kukata sasa, maana siku yenyewe itakukatia, na itakata zile za mwisho ambazo huenda ndizo muhimu.

Mbele ya kila shoti andika A (bila hii video haikamiliki) au B (ikipatikana, vizuri). A zote ziishe kabla ya saa 9 alasiri.

Jambo jingine: video ya dakika 6 yenye shoti za wastani wa sekunde 5 inataka shoti 72. Sura za wahojiwa hazitabeba zote, kwa hiyo piga za karibu kwa wingi: mikono, vumbi la mbao, kipimo, macho ya mwanafunzi. Kila moja iache ikimbie sekunde 5 kabla ya tendo na 5 baada. Mhariri hawezi kuunganisha klipu iliyokatwa mkono ukiwa bado hewani.

sauti_safi
Naongezea upande wa sauti, kwa sababu karakana ni mahali pabaya sana kwa mahojiano. Nenda ukasikilize kabla, kwa hedfoni, saa ileile na ikiwezekana siku ileile ya wiki. Masikio matupu huzoea mlio wa kompresa au feni; maiki haizoei. Uliza jirani anawasha mashine saa ngapi. Mahojiano yaweke kwenye dirisha la ukimya, hata kama linaangukia saa 6 mchana. Mpangilio wa picha ufuate hapo.

Maiki ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na kola inayosugua. Kwenye kipimo cha sauti cha kinasa, kilele kikae karibu na -12 dB (desibeli), kisiguse 0 hata mtu akicheka. Sauti iliyopasuka hairudi. Rekodi kwa 48 kHz. Mtu mmoja asivue hedfoni wakati wote wa mahojiano, na asiwe yule anayeuliza maswali. Kwa kuwa mna maiki moja tu, wekeni simu inayorekodi karibu na mhojiwa, nje ya fremu, iwe akiba. Pigeni kofi moja mbele ya kamera kila mnapoanza ili faili zioane baadaye.

Mkimaliza mahojiano, nyamazeni wote palepale na mrekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba. Mhariri ataziba nazo mapengo. Na mwambieni mhojiwa aingize swali ndani ya jibu: "Mbao mbichi hupinda kwa sababu…", si "Kwa sababu hupinda".

tripodi_tatu
Asanteni sana. Kinachonitia wasiwasi ni gundi na vanishi. Hazitakauka ndani ya siku moja.

fremu25
Hazitakauka, na wala usizisubiri. Mwombe fundi aandae seti nne mapema: mbao ambazo hazijakatwa; vipande vilivyokatwa na kurandwa; kigoda kilichounganishwa, gundi imekauka, bado hakijapigwa msasa; na kigoda chenye mkono wa kwanza wa vanishi. Zote zitoke kwenye mbao za aina na rangi moja, la sivyo mtazamaji ataona kigoda kinabadilika katikati. Kwa hatua zisizorudiwa, kama kukata au kutoboa, weka vipande viwili vya ziada. Msumeno ukishapita, hakuna "tupige tena".

Piga picha ya benchi kwa simu kabla ya kuondoka kila nafasi, ili penseli na nyundo zirudi zilipokuwa. Fundi avae shati lilelile siku nzima, lisiwe na mistari myembamba, kwani hiyo hucheza kwenye kamera.

Kwa video ya mafunzo, kamera ya pili ikae nyuma ya bega la fundi au juu ya benchi ikitazama chini. Ukimrekodi kwa mbele pekee, mkono wake wa kulia unaonekana kushoto kwa mtazamaji anayetaka kuiga.

Kamera zote mbili ziwe na mipangilio sawa, kwa mkono, si otomatiki: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mizani ya weupe (inayofanya cheupe kionekane cheupe) Kelvin 5600 ikiwa mwanga ni wa dirishani na LED zenu nazo zimewekwa 5600. Zimeni balbu za manjano za karakana. Shata nakuandikia 1/50 kwa umeme wa 50 Hz, ambapo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kama umeme ni wa 60 Hz, tumia fremu 30 na 1/60. Mkikosea hapo, mistari itapita kwenye picha, na skrini ndogo ya kamera huificha.

Kadi: kamera ikirekodi kwa 100 Mb/s (megabiti kwa sekunde) unatumia GB 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 64 ni kama dakika 85. Ifomati (ifute na kuiandaa upya) ndani ya kamera yenyewe. Lenzi msibadilishe penye vumbi la mbao, tokeni nje. Waya wa umeme wa kuzungusha ufunueni wote. Ukibaki umejikunja na unabeba mzigo mkubwa, hupata joto na unaweza kuyeyuka.

meza_ya_uhariri
Mbili za mwisho. Ruhusa ya maandishi ya fundi na mwanafunzi isainiwe kabla ya kamera kuwaka, si jioni watu wakiwa na haraka. Na saa 10 jioni, kabla taa hazijashushwa, mmoja akae na orodha afungue klipu za A moja baada ya nyingine, aangalie fokasi na sauti. Kadi zisifutwe hadi nakala mbili ziwe kwenye diski mbili tofauti na zimefunguka, na diski hizo zisisafiri kwenye begi moja.