Naomba ushauri: wino upi wa kalamu ya kujaza kwa karatasi za kaunta buku?

Wakuu, habari za leo. Nina kalamu mbili, Lamy Safari yenye nibu (ncha) ya M, yaani ya wastani, na Pilot Metropolitan ya F, yaani nyembamba, na naandika kutwa: kumbukumbu za vikao, barua, kusahihisha kazi za vijana. Karatasi ni hizihizi za kaunta buku. Wino wa bluu ninaotumia sasa una rangi nzuri na unasafishika kwa maji ya bomba tu, ila herufi zinaota ndevu, na ukigeuza ukurasa unakuta maandishi yametokeza upande wa pili. Tone moja la jasho likidondokea sahihi, imekwenda.

Nimeutolea macho Pelikan 4001 wa bluu-nyeusi, ule wenye chuma, unaokolea baada ya kukauka. Unatoka kwa ubahili, na kwa karatasi hizi ubahili ndio nautaka. Wasiwasi wangu ni kalamu ikilala wikiendi nzima bila kuandika, wino usije ukakaukia ndani. Mwingine ni Platinum Carbon Black. Maji hauyaogopi, lakini chembe zake zikikaukia ndani ya kalamu ni kazi kuzitoa.

Kwa kusahihisha nataka Diamine Oxblood, rangi ya damu ya mzee (nyekundu kali inawatisha watoto bure). Je, itaonekana vizuri pembeni ya bluu-nyeusi, au zote zitaonekana giza tu? Na bluu-nyeusi niiweke kwenye F ya Kijapani, ambayo ni nyembamba mno, au kwenye M? Mliotumia wino wa chuma kila siku, mnasafisha kalamu kila baada ya muda gani?