Nimepewa kazi kwenye boti ya tanga ya wazungu, Unguja mpaka Komoro na Mayotte. Maisha ya mule ndani yakoje?

kijana_mkokotoni

Wakuu salam. Mi ni msomaji tu humu miaka yote, leo shida imenifungua mdomo.

Nina miaka 26, nimefanya boti za watalii huku kaskazini Unguja miaka minne, kupeleka watu Mnemba wakaogelee na kuwarudisha, saa mbili asubuhi tushatoka saa nane tushafunga kamba. Sasa kuna mzee wa kizungu na mkewe wana katamarani ya tanga (boti ya matumbo mawili) futi 44, wametia nanga hapa Kendwa wiki ya tatu hii. Nanga ya jirani yao ilinasa kwenye jiwe nikazama nikaitoa, wao walikuwa wanaangalia, kesho yake nikaitwa chai. Wanataka nipande nao mwanzoni mwa Novemba, tuanze Pemba, turudi chini Mafia na Kilwa, kisha Komoro na Mayotte, mwakani Nosy Be kule Madagaska. Dola 300 kwa mwezi, kula na kulala juu yao.

Roho inataka kishenzi. Ila mi sijawahi kulala baharini zaidi ya usiku mmoja, ule wa dago, kambi ya uvuvi. Maji ya kuoga yanatoka wapi? Choo je? Usiku mkiwa safarini nani anaangalia boti? Na nimesikia boti ya tanga inalewesha hata mtu aliyezaliwa pwani. Bi mkubwa hajakataa, kasema tu uliza kwanza watu waliokwenda. Ndo nauliza.

Chuma_Kutu

Dola 300 bila kodi bila nauli bila umeme wa LUKU na bado unauliza choo kikoje? Panda mkuu. Ukighairi nitajie hiyo boti iko upande gani wa Kendwa 😂

Dada_Mpishi

Mdogo wangu, mi nimepika miaka miwili kwenye katamarani za kukodisha Shelisheli, Mahé, Praslin, La Digue, Curieuse, wiki kwa wiki, wageni wanane na sie wafanyakazi wawili tu, nahodha na mimi. Ngoja nikwambie ambayo hawatakwambia kwenye chai.

Kwanza maji. Tangi la boti ya size hiyo ni kama lita 700 hivi, na zile lita ndo kila kitu, kupika, kuosha vyombo, kuoga. Wengi wana mashine ya kuchuja maji ya chumvi kuwa matamu lakini ile mashine inakula umeme na inadeka, ikifa mko katikati ya visiwa fundi humpati. Kwa hiyo utajifunza kuoga ka hivi: unajirusha baharini, unapanda ngazi ya nyuma, unajipaka sabuni, unaruka tena, afu unajisuuza na maji matamu lita moja na nusu. Mi nilikuwa na chupa yangu ya maji ya kunywa nimeitoboa kifuniko kwa msumari, ndo shawa yangu hiyo. Vyombo unaosha na maji ya chumvi, unasuuza na matamu kidogo. Mtu akiacha bomba wazi anapiga mswaki utaisikia pampu inalia chini, trrrrr, na nahodha atatokea hata kama alikuwa amelala.

Choo: hakiingii kitu ambacho hujakila kwanza. Hata tishu ni kwenye kindoo pembeni. Kikiziba atakayekifungua ni wewe na mikono yako, mi nimekifungua mara tatu na mara zote ilikuwa vile vitambaa vya kufutia watoto.

Kulala, kama wamekupa chumba cha mbele kabisa kwenye ncha, ujue unaingilia kwa juu kama unashuka kisimani, na ukiwa mnasafiri kila wimbi linapiga sikioni mwako. Joto lake usiseme. Mvua ikija saa tisa usiku unafunga kile kidirisha, ikikata unafungua, ikirudi unafunga. Usingizi ndo ulionitoa mimi kwenye ile kazi wala sio bahari.

Chakula: maboksi ya karatasi yaache gatini, usiyapandishe kabisa, mende wanataga humo kwenye mikunjo. Mayai nunua ambayo hayajawahi kuwekwa friji, yageuze kila siku mbili yatakaa hata wiki tatu. Kabichi inadumu, nyanya chukua za kijani. Ndizi mbali na matunda mengine, zinayaivisha yote kwa siku moja.

kilifi_tangapori

Niaje kaka, mimi niko Kilifi na hapa kwenye creek boti za hao wazungu zinakaa miezi, zingine miaka, nimefanya kazi kwa nne tofauti. Huyo dada hapo juu amesema kweli tupu lakini kazi yake ilikuwa ya charter, wageni wanabadilika kila wiki. Ya watu wawili wenye boti yao ni tofauti, ni kama umehamia kwa watu. Mtakuwa watatu kwa sebule ya mita nne kwa nne kwa miezi. Wakigombana wale wawili wewe utakuwa hapo katikati umeshika sufuria, na huwezi toka nje kwa sababu nje ni maji. Mimi mwenye boti mmoja alikaa siku mbili hamsemeshi bibi, kila kitu ananiambia mimi nimwambie yeye, na bibi amekaa hapo hapo anasikia.

Usiku mkiwa safarini ni zamu, masaa matatu matatu. Ukiwa mgeni utapewa saa nane mpaka kumi na moja alfajiri hio ndio mbaya. Boti inajiendesha na rubani wa umeme, kazi yako ni macho. Na hapa ndio thamani yako iko, sikia vizuri. Hao wako na rada, wako na ramani kwa tablet, lakini ngalawa haionekani kwa rada na haina taa, wala ule wavu uliofungiwa chupa ya plastiki ya mafuta ya kupikia kama boya. Wewe unajua wavu unakuwa wapi na mvuvi analala vipi. Mimi nimewaepusha na nyavu mara sijui ngapi kati ya Shimoni na Wasini, na mara moja hatukuepuka, kamba ikaingia kwa propela saa kumi usiku, nikashuka na kisu na tochi mdomoni.

Kulewa utalewa. Siku mbili za kwanza, ya tatu inaisha. Vidonge meza kabla sio baada, usikae chini ndani, kaa nje uangalie pale mbingu inakutana na maji, na usikae njaa.

Chuma_Kutu

Tochi mdomoni saa kumi usiku 😳 nimefuta ombi langu.

Mzee_wa_Kojani

Assalaam alaykum. Mwanangu, nimesoma yote, waliosema wamesema kweli. Mie nimekwenda na majahazi tangu mdogo, Pemba, Tanga, Lamu, na Ngazija kule Komoro mara kadhaa. Boti hizo za sasa siziwezi, vitufe vingi, lakini upepo ni ule ule.

Sikiliza. Novemba ni tangambili, kusi, upepo wa kusini, imekufa na kaskazi, ule wa kaskazini, haijashika. Kwa kwenda Pemba, Mafia na Kilwa hapana ubaya, bahari inatulia, ndio wakati mzuri wa kuonja. Jihadharini tu na maji. Bamvua ya kwetu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, inapanda na kushuka karibu mita nne, hawa waliotoka kwenye bahari zao ambazo maji hayaendi popote huwa hawaamini. Wakitia nanga, wewe piga hesabu. Maji yamepwa pana mita sita, yakijaa ni kumi, na mnyororo uwe mara tano ya hizo kumi, si mara tano ya sita. Nimeona boti nzuri kabisa Mkoani kule Pemba, jioni imekaa kama bata, usiku maji yamejaa, mnyororo mfupi, nanga imeng'oka, asubuhi iko juu ya mwamba imelalia ubavu na mwenyewe amesimama pembeni maji ya magoti.

Kutoka Kilwa kwenda Komoro mnakwenda kinyume cha mkondo, maana pwani yetu mkondo unapanda kaskazini mwaka mzima, ukisha kuuacha mnapumua. Wakipata upepo ni siku mbili hivi, wasipoupata watawasha mashine na utakula moshi.

Lakini hayo yote si neno. Neno ni hili, na ukaulize leo: Januari mtakuwa wapi? Kuanzia Novemba mpaka Aprili kule kusini ni msimu wa vimbunga. Sisi huku tumezoea kuwa kimbunga ni habari ya redio, ingawa Hidaya mwaka 2024 mwezi wa tano kilikuja mpaka Mafia. Mayotte ndio usiseme, Chido kiliwapiga tarehe 14 Desemba 2024, mabati yakaruka mji mzima na boti zilizokuwa zimetia nanga zikazama na kupanda juu ya nchi kavu. Shelisheli alikokuwa huyo binti kuko karibu na mstari wa Ikweta, vile visiwa vikubwa havifikiwi sana na mambo hayo. Mayotte inafikiwa. Mzungu anayepanga kuwa Mayotte Desemba ama ana jambo lake, ama hajui. Muulize kwa adabu tu, usimtie aibu mbele ya mkewe.

Dada_Mpishi

Shkamoo mzee. Hili la Januari halikunijia kabisa, kweli kwetu kule tulikuwa tunaangalia kusi tu imeamkaje.

Na mdogo wangu ongezea swali la makaratasi. Mayotte ni Ufaransa, tangu 2011 ni mkoa wao kamili, na viza ya Schengen peke yake haikuingizi kule, ina viza yake. Jina lako litaandikwa kwenye orodha ya mabaharia wa boti, kila nchi mnayofika mnapandisha bendera ya njano na kusubiri mkaguliwe, na yule ofisa ataangalia pasipoti yako kuliko za wenye boti, tuseme ukweli. Uliza pia kama wana bima inayokutaja wewe kwa jina. Mimi mkono uliungua na mafuta tukiwa Praslin, ndo nikagundua bima ya boti ile inaijua boti tu.

kijana_mkokotoni

Shkamoo mzee, na wote ahsanteni sana. Nimerudi kutoka kwenye boti sasa hivi.

Nimeuliza. Nilisubiri mke kashuka kuogelea nikamuuliza mzee wake kiutaratibu tu, Januari tutakuwa wapi? Akanyamaza kidogo, akasema katikati ya Desemba wao wanapanda ndege kutoka Mayotte kwenda Ulaya sikukuu, na kukaa na wajukuu mpaka mwisho wa Februari. Nikamuuliza na mimi? Akasema "wewe utabaki kulinda boti". Yani alikuwa hajaniambia! Nikamuuliza viza, akasema tutaona tukifika. Bima, akasema ataangalia.

Sio mtu mbaya. Alikasirika kidogo afu akatoa ramani tukakaa. Nadhani hakuwahi kuulizwa maswali na mtu anayemlipa.

kilifi_tangapori

Eeeh. Kwa hivyo walikuwa wanatafuta askari wa boti sio baharia. Kimbunga kikija uko pekee yako kwa boti ya mtu, bila viza, na huwezi hata kukimbilia nchi kavu vizuri. Kaka hapana. Mwambie alete boti Kilifi, hiyo miezi miwili na nusu iko salama hapa kwa mooring, boya la kufungia boti, waende Ulaya wakirudi muendelee.

Chuma_Kutu

Dola 300 gawanya kwa kimbunga kimoja mkuu.

Mzee_wa_Kojani

Umefanya vyema kumuuliza akiwa peke yake. Usimkatae moja kwa moja. Mwambie wewe utakwenda Pemba, Mafia na Kilwa, mwezi mmoja, akuone na umuone. Mbele ya hapo mtazungumza.

kijana_mkokotoni

Ndo nilichomwambia jana jioni mzee, kabla hata sijasoma hapa wallahi. Mwezi mmoja, Pemba mpaka Kilwa, analipa kila wiki mbili, na Kilwa nashuka narudi kwa basi kama viza ya Mayotte haipo mkononi. Kakubali. Ya Kilifi nimemtajia kasema atafikiria, mkewe ndo kaipenda zaidi maana kumbe yeye Mayotte hakuwa na hamu nayo.

Tunatoka tarehe 4, kwanza kisiwa cha Misali, Pemba. Dada Mpishi, ile chupa yako ulitoboa matundu mangapi?

Dada_Mpishi

Manane. Msumari mwembamba, uuchome moto kwanza. Na kata tangawizi mbichi uweke mfukoni, sio kwenye begi, begi litakuwa chini na wewe utakuwa juu hutaki kushuka.